Wakongwe wa hevi metali wasihukumiwe kwa mvi zao

Kuna hukumu moja inayotolewa dhidi ya wanamuziki wa roki waliozeeka, nayo hutolewa hata kabla ya mshtakiwa kusikilizwa. Husemwa kwamba bendi ikishatimiza miaka thelathini au arobaini jukwaani, kazi iliyosalia ni kuzunguka dunia ikipiga nyimbo za ujanani, kukusanya fedha za viingilio, kisha kwenda nyumbani kupumzika. Albamu mpya ya bendi kama hiyo huchukuliwa kuwa kisingizio tu cha kuanzisha ziara nyingine. Wanafunzi wetu husema hivyo kwa kicheko. Walimu wao, ambao zamani walizirekodi nyimbo za bendi hizohizo katika kanda na kuzificha chini ya vitanda vya bweni, husema hivyo kwa huzuni. Pande zote mbili zimekosea, na ushahidi upo wazi.

Mnamo Machi 2024, bendi ya Judas Priest ilitoa albamu iitwayo Invincible Shield. Bendi hiyo iliasisiwa mwaka 1969 katika mji wa Birmingham, Uingereza. Mwimbaji wake, Rob Halford, alikuwa na umri wa miaka 72 albamu hiyo ilipotoka. Mpiga gitaa wake wa siku nyingi, Glenn Tipton, alikuwa na miaka 76, naye alikuwa ameishi na ugonjwa wa Parkinson kwa zaidi ya mwongo mmoja. Kwa hesabu ya kawaida hawa ni watu wa kuketi barazani na kusimulia yaliyopita. Ilhali albamu yenyewe ni kazi nzuri. Sisemi ni nzuri kwa watu wa umri wao; nasema ni nzuri, basi.

Wapo wanaowatetea wazee hawa kwa methali ya jungu kuu halikosi ukoko. Utetezi huo siutaki. Ukoko ni mabaki yaliyogandamana chini baada ya wali kupakuliwa, na anayeutoa humwomba mgeni radhi. Ninachodai mimi ni kwamba jungu lenyewe lingali jikoni, moto unawaka, na chakula kinachopikwa leo kinafaa kuandaliwa mezani bila aibu. Lakini si kila jungu, na si kila siku. Hapo ndipo penye mjadala wa maana, na ndipo nitakapokaa.

Kwanza yafaa tukumbuke muziki huu ulitoka wapi, kwa maana wengi hudhani hevi metali ni kelele za vijana wenye afya tele. Kabla ya Judas Priest kujulikana, mji huohuo wa Birmingham uliwatoa Black Sabbath. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma. Mwaka 1965, siku aliyokusudia kuwa ya mwisho kazini, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Kwa kuwa hutumia mkono wa kushoto, hivyo ndivyo vidole alivyovitegemea kubana nyuzi za gitaa. Msimamizi wake kiwandani alimpelekea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri aliyepiga kwa ufundi mkubwa ingawa vidole vyake viwili vilikuwa vimelemazwa na moto. Iommi akajitengenezea kofia za vidole kwa plastiki aliyoiyeyusha na vipande vya ngozi. Baadaye alizilegeza nyuzi za gitaa lake ili zisimuumize, na ule mlio mzito, wa chini, wenye kutisha, ukawa alama ya muziki mzima.

Kwa hiyo anayesema kwamba mwili uliopungukiwa hauwezi kupiga muziki huu hajui unakotoka. Ulizaliwa na mtu aliyepungukiwa. Hoja haikuwa mwili una nini; hoja ilikuwa mwenye mwili anafanya nini na kile alichobakiwa nacho.

Hata hivyo sitaki kuficha ukweli wa upande wa pili. Uzee una gharama zake katika sanaa hii kuliko katika sanaa nyingine nyingi. Sauti ya mwanadamu ni ala ambayo haibadilishwi nyuzi. Yeyote aliyemsikia Halford katika albamu ya Painkiller ya mwaka 1990, akiwa na miaka 39, akipaa kwa ukelele mkali kama msumeno unaokata bati, atakubali kwamba sauti ile haikuzaliwa ili idumu hivyo kwa nusu karne. Wapiga ngoma nao huadhibiwa na mabega na magoti. Nicko McBrain wa Iron Maiden alipata kiharusi Januari 2023, akarejea jukwaani mwaka huohuo, kisha Desemba 2024 akatangaza kustaafu ziara. Haya si mambo ya kupuuzwa, na shabiki anayejifanya hayaoni anawadanganya hata hao anaowapenda.

Lakini tazama ajabu hii. Tukizipanga albamu zilizoshindwa za bendi kubwa za aina hii, hatuoni kwamba zimerundikana katika miaka ya uzee. Metallica wa Marekani walitoa St. Anger mwaka 2003. James Hetfield na Lars Ulrich, waliokuwa viongozi wa bendi, walikuwa hawajafikisha miaka arobaini. Huo si uzee. Ni umri ambao mwalimu ndiyo kwanza anafikiriwa cheo cha naibu wa mkuu wa shule. Walikuwa na nguvu, fedha na muda. Filamu ya mwaka 2004 kuhusu utayarishaji wa albamu hiyo inawaonyesha wakiketi na mtaalamu wa ushauri nasaha aliyelipwa kuwapatanisha. Wakaziondoa sehemu za gitaa pekee zilizokuwa fahari yao. Ngoma ya Ulrich ikasikika kama sufuria tupu inayogongwa jikoni, wimbo baada ya wimbo, kwa zaidi ya saa nzima. Kwa maoni yangu walishindwa kwa sababu walitaka kufanana na vijana wa wakati ule badala ya kutazama walichokuwa nacho mikononi mwao.

Judas Priest wenyewe walijikwaa kwa namna nyingine. Mwaka 2008, baada ya Halford kurejea kutoka matembezi yake ya miaka mingi nje ya bendi, walitoa Nostradamus, albamu maradufu ya zaidi ya dakika mia moja kuhusu mtabiri Mfaransa wa karne ya 16. Ni kazi yenye vinanda na vyombo vya okestra, yenye utangulizi juu ya utangulizi. Nia ilikuwa kubwa na mshono ulikuwa mbovu. Desemba 2010 wakatangaza ziara ya kuaga dunia nzima, na kabla haijaanza, K. K. Downing, aliyekuwa mpiga gitaa tangu mwanzo, akajiondoa. Albamu iliyofuata, Redeemer of Souls ya mwaka 2014, ina nyimbo za kupendeza zilizofunikwa na sauti hafifu, kana kwamba bendi inapiga chumba cha pili na mlango umefungwa. Mtu mwenye busara wakati huo angeweza kusema kwamba sasa imetosha, na nisingemlaumu.

Kisha mwaka 2018 ikaja Firepower, na hapa namwomba msomaji atulie nami kidogo, maana kisa hiki kina mafunzo mengi kuliko nadharia zote za wachambuzi.

Walichofanya si muujiza. Walimrudisha Tom Allom, mtayarishaji aliyesimamia albamu zao za miaka ya themanini kuanzia British Steel ya mwaka 1980. Allom ndiye aliyekuwa nao walipovunja chupa za maziwa na kutikisa trei ya vijiko na uma ili kupata vishindo walivyovitaka, kwa kuwa mashine za kunakili sauti hazikuwa zimeenea. Pamoja naye wakamweka Andy Sneap, mtayarishaji wa kizazi kilichofuata, aliyezaliwa mwaka 1969, mwaka uleule ambao bendi iliasisiwa. Mzee mmoja anayejua walikuwa nani, na mtu mzima mmoja aliyekulia katika muziki walioubuni wao. Kwa gitaa walikuwa na Richie Faulkner, aliyezaliwa mwaka 1980, aliyechukua nafasi ya Downing.

Matokeo yake ni nyimbo kumi na nne ndani ya dakika zisizofika sitini. Linganisha na zile dakika mia moja na ushei za Nostradamus, utaona kwamba kilichobadilika kwanza ni mkasi. Hakuna wimbo unaokaa hadi mgeni aanze kupiga miayo. Halford haendi juu ila pale wimbo unapomdai aende juu. Mara nyingi anaimba katika sauti ya kati, nzito, ya mtu anayetoa amri, na ukelele unapokuja unashtua kwa sababu ulikuwa umewekwa akiba. Kijana wa mwaka 1990 asingeweza kuimba hivyo. Alikuwa tajiri wa sauti, na tajiri hahesabu.

Albamu hiyo ilifika nafasi ya tano katika orodha za mauzo za Uingereza na za Marekani pia. Sitegemei sana hoja ya mauzo, maana hata kazi mbovu huuzwa. Kinachonigusa zaidi ni kwamba mwezi mmoja kabla ya kutoka kwake, Tipton alitangaza hadharani kwamba ana ugonjwa wa Parkinson na kwamba hataweza kusafiri na bendi kama zamani. Alikuwa ameishi nao kwa takriban miaka kumi. Basi gitaa tunalolisikia katika Firepower limepigwa na mkono ambao ulikuwa umeanza kumwasi mwenyewe. Sneap akatoka kwenye chumba cha mtayarishaji, akavaa ngozi nyeusi, akaenda jukwaani kushika zamu ya Tipton. Tipton alipojisikia vizuri alijitokeza mwishoni mwa maonyesho, akapiga nyimbo chache na wenzake.

Baada ya hapo wengi walidhani sasa kweli mlango umefungwa. Tena ikatokea jambo la kuwaumbua wale wanaopima uhai kwa kalenda. Septemba 2021, mjini Louisville, Marekani, aliyeanguka hakuwa mzee yeyote katika bendi. Alikuwa Faulkner, kijana wao, mwenye umri wa miaka 41. Mshipa mkuu unaotoka moyoni ulipasuka akiwa jukwaani, naye akaendelea kupiga wimbo wa mwisho hadi ukaisha kabla ya kukimbizwa hospitalini na kufanyiwa upasuaji wa dharura. Akapona. Albamu ya 2024 ilitungwa na watu watatu wanaojua kwamba kesho haina dhamana: Halford, Tipton na Faulkner.

Wanafunzi huniuliza, je, mzee anaweza kusema lipi ambalo kijana hakulisema vizuri zaidi? Swali ni la haki. Wimbo wa mwisho katika toleo la kawaida la Invincible Shield unaitwa Giants in the Sky, nao unawakumbuka wanamuziki waliotangulia mbele ya haki, wakiwemo Lemmy Kilmister wa Motörhead na Ronnie James Dio. Halford wa mwaka 1980 aliimba juu ya kuvunja sheria. Hakuwa na wenzake wa kuwazika. Maombolezo hayo hayakuigizwa. Ni ya mtu aliyepanda majukwaa yaleyale na hao marehemu na sasa anaimba peke yake. Muziki unabaki uleule, wa haraka na wa chuma, lakini jambo linalosemwa limekomaa.

Iron Maiden wana mfano mkubwa zaidi. Bendi hii ilianzishwa na Steve Harris mashariki mwa London mwaka 1975. Katika albamu ya The Book of Souls ya mwaka 2015 kuna utungo wa Bruce Dickinson uitwao Empire of the Clouds, wenye urefu wa dakika kumi na nane. Unasimulia habari ya R101, chombo kikubwa cha anga cha Uingereza kilichoanguka karibu na Beauvais, Ufaransa, usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba 1930 na kuua watu 48. Dickinson aliutunga kwa piano. Ni historia, ni kiburi cha dola, ni hesabu za wahandisi zilizofumbiwa macho kwa ajili ya haraka ya wanasiasa. Mwalimu wa historia angeweza kuupeleka darasani na asijute. Wakati wa kurekodi, Dickinson alikuwa na uvimbe wa saratani kooni bila kuthibitishiwa, na matibabu yalifuata baada ya kazi kwisha. Usikilize ukijua hilo, au usikilize bila kujua, utungo haupungui.

Ila Maiden hawahawa ndio wanaonionyesha ugonjwa halisi wa bendi kongwe, nao si uzee. Senjutsu ya mwaka 2021 ina nyimbo kumi katika takriban dakika themanini na mbili, na tatu za mwisho, zote za Harris, kila mmoja unapita dakika kumi. Ndani ya nyimbo hizo mna vipande vya kupendeza kabisa. Lakini utangulizi wa taratibu unarudia mlio uleule, kiitikio kinazungushwa mara nne pale ambapo mara mbili zingetosha, na msikilizaji anaanza kutazama saa. Hapo hakuna aliyekosa pumzi wala vidole. Alikosekana mtu wa kumwambia Harris kwamba aya hii ikatwe. Wahenga walinena kuwa penye wazee haliharibiki neno. Walisahau kusema nani atamkosoa mzee mwenyewe neno linapomponyoka. Walimu wa fasihi wanalijua tatizo hili. Mwandishi mchanga husahihishwa na mhariri hadi alie. Akishapata tuzo, mhariri huyohuyo huogopa hata kumwekea koma.

Kuna kosa jingine, la kinyume chake: mzee kuambiwa ajiige mwenyewe. Black Sabbath walipotoa albamu ya 13 mwaka 2013, Iommi akiwa katika matibabu ya saratani, mtayarishaji Rick Rubin aliwaketisha waisikilize upya albamu yao ya kwanza ya mwaka 1970 ili wairudie ile hali. Albamu ilishika nafasi ya kwanza Uingereza, jambo ambalo hawakuwa wamelipata tangu Paranoid ya mwaka 1970. Nami naipenda kwa sehemu kubwa; milio ya Iommi ni mizito kama mlango wa jela. Lakini mara kwa mara nasikia watu wazima wakivaa sare zao za shule. Ile albamu ya kwanza ilirekodiwa kwa siku moja na vijana wasiojua wanachofanya, na kutojua huko hakupatikani tena kwa kuagizwa.

Nikiyatazama haya yote kwa pamoja naona kwamba albamu njema ya wakongwe hupatikana pale wanapokubali wamepoteza nini, wakatumia kwa ukali kile kilichobaki, na kumruhusu mtu fulani chumbani awapinge. Lemmy alifanya hivyo hadi mwisho. Motörhead walitoa Bad Magic Agosti 2015; yeye akafariki tarehe 28 Desemba mwaka huo, siku nne baada ya kutimiza miaka 70. Sauti yake katika albamu hiyo imechakaa, lakini hakuwahi kuuza sauti laini, kwa hiyo uchakavu haukumpunguzia bei. Isitoshe, nje ya roki hatuoni ajabu. Verdi alikuwa na miaka 79 opera yake ya Falstaff ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1893. Kwetu pwani, Bi Kidude aliendelea kupanda jukwaani hadi miaka ya mwisho kabla ya kufariki mwaka 2013, wala hakuna aliyemwambia kwamba taarabu ni ya wasichana. Roki pekee ndiyo iliyouzwa tangu mwanzo kama mali ya vijana, na tumeliamini tangazo hilo la biashara hadi leo.

Imebaki lawama yetu sisi wasikilizaji. Tunaipima albamu ya leo kwa ile tuliyoisikia tukiwa na miaka kumi na sita, na hakuna albamu inayoweza kushindana na miaka kumi na sita. Ni kama mwalimu anayesahihisha insha ya mwaka huu huku mezani amefungua insha aliyoipenda miaka thelathini iliyopita, na bado anashangaa kwamba hakuna anayepata alama ya juu. British Steel ni albamu bora, nami naipenda. Lakini sehemu ya ubora tunaoupa ni yetu, si ya Judas Priest.

Na bendi zenyewe hutusikia. Mwaka 2006 Iron Maiden walitoa A Matter of Life and Death, wakaingia ziarani wakaipiga albamu nzima, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, kabla ya kugusa za zamani. Ulikuwa ujasiri, na wapo waliolipa kiingilio wakanung'unika, wakidai wapewe zile wanazozijua. Mwaka 2025, walipoanza ziara ya kuadhimisha miaka hamsini, walichagua nyimbo kutoka albamu zao tisa za kwanza tu, za mwaka 1980 hadi 1992. Viwanja vilijaa, watu wakaimba kila neno wakiwa na watoto wao mabegani, wakarudi nyumbani wameridhika. Zile dakika kumi na nane za R101 hazikupigwa.